Mdogo wangu, usifute hizo klipu

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa usiku nimeusoma mara tatu. Unasema filamu yako ya mwisho wa kozi imeharibika, sauti haieleweki, picha za ziwani usiku ni chenga tupu, na ukiamka unafuta kila kitu ukamwambie mwalimu umeshindwa. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wenzako wengi wana kilio hichohicho. Kwanza kabisa: usifute. Hata klipu moja.

Yangu sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa chuoni nilirudi Kigoma na siku sita za kurekodi filamu ya dakika kumi na mbili, wavuvi wa dagaa pale Kibirizi. Ratiba niliipangia mbali, saa kwa saa. Nafika mwaloni jioni ya kwanza, mitumbwi yote imelala mchangani. Mwezi mpevu! Mimi niliyekulia hapa nilikuwa nimesahau kwamba dagaa hufuata taa kukiwa na giza, na mbalamwezi ikishatanda ziwa zima, taa ya mvuvi haina kazi. Kwa hiyo kabla hujaangalia tarehe ya mwalimu, angalia mwezi. Na uliza kama ziwa liko wazi: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na ukija na kamera wakati kama huo utarekodi nyavu zilizoanikwa.

Nami nikarekodi nyavu. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu wake chini ya kibanda, nikaomba kuzungumza naye, akakubali. Ilikuwa alasiri, upepo unatoka ziwani. Hedifoni zilikuwa begini, sikuzivaa. Nilikuwa natazama kioo tu, na kwenye kioo kila kitu kilikuwa kizuri. Akanisimulia habari za mdogo wake aliyekwenda ziwani usiku wa dhoruba. Ziwa hili mahali linapozama zaidi lina kina cha mita 1,470, hakuonekana tena. Alipofika hapo mzee alisimamisha sindano, uzi umemzunguka kidole cha shahada, akatazama maji kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaendelea, kwa sauti ya chini sana.

Usiku nikasikiliza. Vuuu, vuuu, vuuu. Upepo umekaa juu ya maiki kama mtu anayeitandika kwa gunia. Neno linatoka, mawili yanamezwa.

Nilirudi kwake alfajiri. Safari hii tulikaa ndani, nikatundika blanketi ukutani, nikasimamisha godoro dirishani, hedifoni masikioni. Sauti ilitoka safi kabisa. Lakini habari ya mdogo wake hakuirudia. Alisema tu, "Hiyo nilishakwambia jana," akahamia kwenye bei ya nyuzi. Sikumsukuma, na mpaka leo naamini nilifanya sawa. Mtu hatoi machozi yake mara mbili kwa sababu mwanafunzi hakuvaa hedifoni.

Basi nikatulia na nilichokuwa nacho. Mazungumzo ya alfajiri niliyalaza juu ya picha za mikono yake na wavu. Ile picha ya kidole na uzi niliiacha ipite yenyewe, sekunde tisa, bila maneno. Chini yake niliweka sauti ya ziwa niliyoirekodi peke yake, asubuhi kabla upepo haujaamka: maji yanagonga ubavu wa mtumbwi, kina mama wanageuza dagaa kwenye vichanja, ule mkwaruzo mkavu unaoujua. Sauti hiyo ilinigharimu saa moja tu. Ndiyo iliyoiokoa filamu, na ndiyo ninayokuomba ukairekodi wewe.

Kwenye kuediti nako nililia. Sauti ya kinasa na midomo ya mzee kwenye picha ya simu vilianza pamoja, dakika ya nane vikaachana. Nikadhani nimekosea kukata, nikarudia siku mbili nzima. Kumbe simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Zinapanda na kushuka zenyewe kadiri ya mwanga. Pitisha klipu zako zote kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, ni bure, chagua kasi ya fremu isiyobadilika, ndipo uanze kukata. Kama laptopu inakwama, tengeneza nakala ndogo za klipu uediti kwa hizo, zile kubwa zirudi mwishoni. Na kila kitu kiwe sehemu mbili, siyo kwenye kadi peke yake.

Hizo chenga zako zinatokana na simu kulazimisha giza liwe mchana. Siku nyingine pima mwangaza wa kamera kwenye taa ya mtumbwi na uufunge hapo usibadilike, kingine chote kiwe cheusi. Usiku wa ziwani ndivyo ulivyo. Kwa ulizonazo, shusha mwangaza giza lizidi, kata fupifupi, uzibebe kwa sauti. Mistari ile inayotembea kwenye picha za sebuleni kwa mama ni taa za umeme wetu wa hezi 50, yaani unaopiga mara 50 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde, itaondoka.

Kuhusu yule bibi wa Katonga ambaye sauti yake imeliwa, usikimbilie kumhoji upya. Nenda kamsalimie kwanza, ukae, umsaidie kuanika. Akitaka kusema, atasema.

Mwezi kamili ulikuwa juzi, kwa hiyo wiki ijayo giza linarudi na mitumbwi inashuka. Pitia Ujiji kabla ya Jumatano. Kinasa sauti changu kiko kwenye begi la buluu, betri mpya nimeshaweka, na kile kifuniko cha manyoya cha maiki nimekifua.

Kaka yako.