Mgeni rasmi tumeshamjua, tuambieni wimbo ulisema nini

Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Ngarenaro, Arusha. Wiki iliyopita mmetoa habari ya lile igizo la muziki la vijana wetu, nikaisoma mara mbili nalitafuta igizo lenyewe sikulipata. Nimempata mgeni rasmi na cheo chake, nimempata na aliyemwakilisha maana mwenyewe hakutokea, risala ipo, ahadi ya kuchangia spika ipo, alafu mwishoni kabisa sentensi moja kwamba ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Hapo kwenye vicheko ndo nataka tuongee.

Nilikuwepo usiku zote mbili, tiketi nilinunua mwenyewe 10,000 kwa 10,000, na nasema usiku zote mbili kwa sababu igizo la nyimbo huwezi kulihakiki kwa kuliona mara moja, usiku wa kwanza macho yanafuata nguo na kucheza, masikio yanafuata mdundo, maneno yanakupita tu kama daladala iliyojaa.

Kwa ambaye hakuja, hadithi ni ya mama mmoja wa kule Kibosho ana mtoto wa kiume yuko Dar. Kabla ya mapumziko yule mama anaimba wimbo mrefu, na kwenye beti la tatu, sio la kwanza wala la pili, la tatu, anasema kumbe kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, alishakiuza, alitia dole gumba kwenye karatasi kahawa ikiwa kwenye maua. Basi, hakuna sehemu nyingine kwenye igizo zima inayorudia hiyo habari. Onyesho linalofuata mtoto anaingia kutoka Dar na miwani yake na tepu, anapima pale atakapojenga jiko, anapima sebule, anamwita mama ashike ncha ya tepu, na mama anaishika.

Usiku wa kwanza nilikaa nyuma. Lile beti la tatu sikulisikia hata neno moja, nimesikia besi na kinanda na watu wananiuliza "kasema nini?" nami najifanya nimeelewa. Yule kijana alivyoanza kupima nikacheka, nakiri, nilicheka na wenzangu maana kijana anatembea kwa madaha na tepu inamponyoka. Usiku wa pili nikahamia mstari wa tatu pembeni, nikalisikia lile beti lote, na alivyoingia na tepu yake tumbo likanikata. Mistari mitatu ya mbele kimya, nyuma yetu ukumbi mzima unacheka. Hivyo ndo vicheko mlivyoviandika, Mhariri, vicheko vya watu ambao hawajasikia wimbo.

Fundi mitambo simlaumu sana, wengi tunamjua, ni mtu wa harusi na sendofu, mkono wake umezoea kazi moja tu, maharusi wakiingia anapandisha, wakianza kukata keki anapandisha tena. Mi mwenyewe nauza vifaa vya umeme na spika, najua spika ukizielekeza kwa waigizaji na kinanda kikapita humo humo na maiki, sauti ya mtu inazama. Ila hilo lilitakiwa kuonekana kwenye mazoezi, muongozaji atoke jukwaani aende akakae kiti cha nyuma kabisa asikilize. Na kama halikuonekana kwenye mazoezi basi lionekane kwenye gazeti, sasa gazeti ndo likaandika ukumbi ulilipuka!

Maana tofauti ya igizo la muziki na tamasha ni hiyo tu. Kwenye tamasha wimbo ukipotea maneno unabaki mdundo na watu wanacheza, kwenye igizo wimbo ndo unabeba hadithi, mtu anaanza kuimba akiwa na siri anamaliza hana. Kipimo changu ni cha kijinga kidogo, nauchomoa wimbo kichwani alafu naangalia kama hadithi imechechemea. Kama haijachechemea basi huo wimbo ulikuwa pambo. Kwenye hili igizo zilikuwepo nyimbo 11 na kwa hesabu yangu 4 zilikuwa pambo, mojawapo ile ya mwisho ya kuusifia mlima, nzuri kuisikiliza lakini kihamba kimeuzwa mama analia sasa mlima unaingiaje?

Wapo wanaosema haya mambo ni ya Wazungu sisi tunajifanya tu. Jamani. Nani hapa hajakaa kwenye benchi la kanisa akaangalia igizo la Krismasi, Herode anaigiza na kwaya inamjibu? Miaka ya 90 vikundi vya sanaa vya TOT na Muungano vilikuwa vinashindana, taarabu, ngoma, sarakasi na maigizo humo humo, usiku mmoja. Sarafina wengi wetu tumeijua kwa ile filamu ya 1992 ila ilianza jukwaani, Mbongeni Ngema aliitoa Market Theatre pale Johannesburg mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawa Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo New York. Ile Lion King yenyewe ya jukwaani iliyofunguliwa New York 1997, simba anaitwa Simba na nyani anaitwa Rafiki, na sauti ya kwanza mtu anayoisikia pazia likifunguka ni Kizulu, kazi ya Lebo M wa Afrika Kusini. Kwa hiyo kuimba hadithi tunajua, tatizo letu ni kusikika.

Na kuna kitu kwenye ukumbi wetu huwezi kukipata New York. Usiku wa pili katikati ya ule ule wimbo wa kihamba mama mmoja wa kitenge cha kijani akanyanyuka, akapanda jukwaani taratibu, akamtunza stelingi noti ya 5,000 kama yuko kwenye taarabu. Nikasema hapa imeharibika. Yule dada hakutoka kwenye kilio chake hata kidogo, akaipokea noti kwa mikono miwili kama mfiwa anapokea rambirambi, akaikunja akaibana kiganjani, akaendelea na beti. Sijui kama muongozaji alimfundisha au ni akili yake, ila hilo lilitosha kuwa aya nzima ya gazeti, na kwenu hata jina la aliyeigiza mama halikuandikwa.

Najua mtasema rivyu ni maoni ya mtu mmoja na mtu anakosea. Kweli kabisa, lile igizo la muziki la Les Misérables lilipofunguliwa London Oktoba 1985 wahakiki wengi waliliponda na London bado wanalicheza mpaka leo. Na mi nimekosea vibaya zaidi, enzi nakaa Usa River niliwahi kutoka mapumziko niwahi gari ya mwisho, nikaandika rivyu ya nusu nikaisifia yote, wiki iliyofuata nakutana na mwigizaji sokoni Kilombero ananiuliza, kaka ule mwisho uliuonaje? Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji.

Ila kuna hesabu moja hapa kwetu iko tofauti. Kule Broadway wahakiki wanaalikwa kwenye maonyesho ya kabla ya ufunguzi, rivyu zinashikiliwa mpaka usiku wa ufunguzi, lengo mnunuzi wa tiketi ajue aende au asiende maana igizo litakuwepo miezi, miaka. Hapa igizo linachezwa siku mbili limeisha, rivyu ikitoka hakuna tiketi ya kununua. Kwa hiyo anayeisoma kwa makini ni nani? Ni wale machalii walioimba, wanakata lile gazeti wanaliweka. Wakikuta "ulilipuka kwa vicheko" watajua ile sehemu ya tepu ni komedi, na wataongeza vituko.

Tena muda wa kurekebisha upo. Wanalipeleka Moshi mwezi ujao Jumamosi mbili, na ukumbi waliopata una bati tupu juu, hauna dari, kwa hiyo ikinyesha tutaongezewa ngoma nyingine juu ya besi. Tumeni mwandishi. Tafadhali asikae kile kiti cha mbele karibu na mgeni rasmi, akae nyuma, na wakati wa mapumziko amuulize jirani yake swali moja tu, mama kasema kihamba kimeendaje? Jibu atakalopewa aliandike hivyo hivyo lilivyo.

Wenu,
Muuza spika, Ngarenaro, Arusha