Msibandike pedi za umeme kooni

Mhariri,

Mashine ndogo za betri za kutuliza maumivu kwa umeme, zile zenye nyaya na pedi za kunata, zinanunuliwa na watu wengi hapa Mombasa wanaosumbuliwa na shingo na kichwa kwa miezi. Maelezo yaliyomo kwenye boksi mara nyingi si ya Kiswahili, na shingo si mahali pa kubahatisha.

Pedi hukaa nyuma ya shingo, chini ya pale nywele zinapoishia, moja kila upande wa uti wa mgongo. Zikiwa nne, mbili ziende juu ya msuli wa bega. Zisibandikwe kamwe kooni, wala ubavuni mwa shingo pale mpigo wa damu unaposikika: umeme ukipita hapo, presha yaweza kushuka ghafla mtu akazimia, au koo likabana pumzi zikakatika. Mwenye mashine ya moyo kifuani, mwenye kifafa na mjamzito wasiiguse kabla ya kumwona daktari.

Weka mapigo ya umeme 80 hadi 100 kwa sekunde, kisha ongeza nguvu polepole mpaka uhisi kama sisimizi wanatambaa, bila kuuma. Msuli ukirukaruka, umezidisha. Dakika 20 hadi 30 zatosha.

Joto letu nalo lina mambo yake. Jasho na mafuta ya nazi huing'oa pedi pembeni, umeme wote ukabanana kwenye kipande kilichobaki, na hapo ndipo inapochoma kama sindano. Osha shingo kwa sabuni, ikauke kabisa ndipo ubandike. Zima mashine kabla ya kubandua. Pedi iliyojaa vumbi, tupa.

Nafuu yake aghalabu ni ya saa chache. Chanzo hubaki palepale. Anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda dawa zenyewe ndizo zinazomuumiza kichwa, na mashine haitamsaidia mpaka azipunguze kwa ushauri wa daktari. Maumivu makali ya kichwa yanayolipuka ghafla, au homa na shingo iliyokakamaa, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Tunawasihi wauzaji watie ndani ya kila boksi karatasi ya Kiswahili yenye mchoro wa shingo, sehemu ya mbele na za ubavuni zikitiwa alama ya X kwa wino mwekundu.

Wataalamu wa tiba ya viungo,
Mombasa