Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkarafuu na Karatasi Yake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakulima wa karafuu, mahesabu mtasomewa na mshika fedha. Mimi nina jambo moja lililonikaa rohoni tangu msimu uliopita.

Kabla uchumaji haujaanza, alinijia mwanachama wetu mmoja, mama mtu mzima, na mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Ndani mna karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshaanza kukatika kwenye mikunjo. Ni ya eka tatu alizopewa marehemu baba yake baada ya Mapinduzi ya 1964. Alitaka mkopo wa majamvi ya kuanikia karafuu na wa kuwalipa wachumaji, maana mchumaji hangoji: pishi zikishapimwa, anataka chake jioni ile ile. Tukafuatana hadi benki. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu zake, lakini aliitizama karatasi akauliza: jina hili la nani? La baba. Yuko wapi? Ameshafariki. Warithi wangapi? Saba. Mazungumzo yakaishia hapo. Mama akakodisha mikarafuu yake kwa mtu mwenye fedha mkononi, karafuu zikiwa bado mtini, na faida ya mwaka mzima ikaenda kwa huyo.

Sisi Wapemba hatuambiwi kitu juu ya biashara. Nendeni Kariakoo mkahesabu maduka ya watoto wetu. Mtu huyo huyo ambaye hapa ameshindwa na shamba la babu yake, kule amekodi fremu kwa mkataba wenye jina lake, na anajua lini unakwisha. Akili ni ile ile na mikono ni ile ile.

Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya uchumi walipewa Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson, kwa utafiti wao juu ya jinsi taasisi zinavyojengeka na zinavyoamua ustawi wa nchi. Taasisi wanazozisema ni zaidi ya majengo na vibao. Ni kanuni ambazo watu wanazitegemea wanapoamua watie jasho lao wapi. Nilipoelezwa haya nikaukumbuka ule mfuko wa nailoni.

Zao letu linaonesha haya kuliko mengi. Mche wa mkarafuu unataka miaka sita, saba, hata minane ndipo uanze kuzaa, kisha unaishi umri wa mtu na zaidi. Anayepanda leo anampandia mtoto aliyeko skuli. Kwetu, tena, ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mti wa mwengine. Nani atajaza pengo la mkarafuu uliokufa ikiwa hajui mche ule utahesabiwa wa nani? Na bei nayo ni kanuni. Mnunuzi wa karafuu kwa sheria ni mmoja, ZSTC, yaani Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Miaka ambayo bei ilikuwa duni, karafuu zilivuka usiku kwa ngalawa kwenda Kenya. Bei ilipopandishwa mwaka 2011, wengi waliacha kuvusha magendo na wakarudi kupalilia.

Kamati yetu ilikosea, na kosa hili nalibeba mimi. Tulihangaikia kuchukua miche inayotolewa bure na Serikali, tukaigawa bila ya kuuliza habari za mirathi. Mingi niliikuta imekauka ukutani, ikiwa bado ndani ya viriba vyake.

Tukabadilisha njia. Familia moja tuliipeleka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ikagawiwa mirathi yake, kisha tukaingia nayo shambani pamoja na sheha, kiongozi wa Serikali wa pale mtaani. Kila mti ukapigwa alama ya chokaa, kila mrithi akaoneshwa yake mbele ya wenziwe. Palikuwa na maneno, na bibi mmoja alilia. Wiki mbili baadaye nilipita pale nikakuta mashimo yameshachimbwa, na ndugu waliokuwa hawasemezani wanapokezana ndoo.

Mwaka huu unaoingia naomba tuifanye hii ndiyo kazi yetu ya kwanza, kabla ya miche na kabla ya mizani mpya. Kila Jumamosi asubuhi katibu atakuwepo. Leteni karatasi hata ikiwa imechanika, na majina ya warithi wote, walio hai na waliotangulia.

Yule mama tunaye hapa leo. Kati ya ndugu zake, sahihi ya aliyeko Muscat imeshafika. Tunangoja ya Tanga.