Barua kwa mwanangu aliye Opole

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Uliponiambia kwenye simu kwamba chuo chako kiko Opole, huko Poland, nilinyamaza, ukadhani mtandao umekata. Mji huo naujua kwa jina lake la zamani, Oppeln. Ndiko alikozaliwa Eduard Schnitzer, tarehe 28 Machi 1840, yule ambaye hapa Bukoba tulifundishwa kumwita Emin Pasha.

Wanasema ndiye aliyeanzisha mji wetu, Novemba 1890. Neno hilo silikubali. Alijenga kituo cha Wajerumani kando ya ziwa. Wahaya walikuwa na wafalme wao na mibuni yao kabla hajatia mguu. Lakini leo nataka nikusimulie habari za binti yake, Ferida.

Emin alikuwa daktari. Alitumikia Waturuki, akafika Khartoum, na mwaka 1878 akapewa ugavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani. Mapenzi yake yalikuwa kwa ndege. Macho yake hayakuona mbali, lakini aliinama mezani akachuna ngozi zao, akapima mabawa, akaandika, kisha akazipeleka kwenye makumbusho ya Ulaya. Kuna shomoro mdogo wa huku kwetu Afrika Mashariki, dume lake la hudhurungi iliyokolea, ambaye wataalamu wanamwita Passer eminibey kwa ajili yake.

Ferida alizaliwa huko Ikweta, mama yake Muhabeshi. Mama akafariki mtoto angali mdogo. Stanley, yule mpelelezi Mwingereza, alipowatoa huko Ikweta yeye na baba yake, mwaka 1889, mtoto huyo wa miaka kama 5 alibebwa na wapagazi karibu miezi 8, hadi Bagamoyo. Huwa nawafikiria wale waliombeba, majina yao hayakuandikwa popote nilipopaona. Usiku wa kufika, tarehe 4 Desemba, kukafanywa karamu. Baba mtu, kwa macho yale, alidhani dirisha la ghorofani ni mlango wa baraza. Akaanguka, akaumia vibaya kichwani.

Alipopona, akaingia kazi ya Wajerumani, na Aprili 1890 akarudi bara. Ferida akabaki pwani. Hawakuonana tena: Oktoba 1892 Emin aliuawa Kongo, na mtoto akapelekwa kwa shangazi yake Melanie, mji wa Neisse, ambao siku hizi ni Nysa.

Nysa haiko mbali na hapo ulipo, mwanangu. Mtoto mweusi, hana baba wala mama, na baridi ile! Tangu uondoke simtoi akilini. Nilipokufungia sweta kwenye begi, nilimfungia na yeye.

Jumamosi moja ukipata nafasi, panda treni uende. Tembea mitaa aliyotembea. Ukifika nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane, simu nitailaza kando ya mto wa kulalia.

Mama yako