Miaka 50 ya shule yetu, rejista zimefungia maandazi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, maana nikikaa nalo litanivimbia.

Mwezi huu wa 12, siku ya kufunga shule, huku kwetu Iramba tulisherehekea miaka 50 ya shule yetu ya msingi, ilianza 1975, shule ndogo tu, madarasa saba na ofisi moja na ule mwembe, ila siku hiyo ilipendeza kwelikweli. Maturubai yapo, muziki upo, keki ipo, MC katoka mjini na suti inayong'aa, na watoto wa la saba waliomaliza mtihani Septemba wakarudi kuagwa, wengine wameshaota sauti nzito ndani ya miezi mitatu. Ngonjera yao ilimtoa mgeni rasmi kitini akaenda kuwatunza. Mpaka hapo sina neno.

Shida ikaja kwenye risala. Historia ya shule ilikuwa sentensi tatu: mwaka ilipoanza, majina ya walimu wakuu wawili watatu wa karibuni, basi, tukarukia matundu ya vyoo na uhaba wa madawati. Miaka 50 sentensi tatu jamani! Nikamvuta pembeni mwalimu mmoja kijana nikamuuliza vipi, akaniambia mzee wangu kumbukumbu hakuna, mwaka juzi stoo ilisafishwa, vitabu vya zamani mchwa walikuwa wameshaanza navyo, vikachomwa, vilivyobaki wakachukua akina mama wa maandazi wakafungia. Na yeye simlaumu, kahamia hapa mwaka huu.

Sasa mimi nilikuwa kwenye darasa la kwanza lile la kwanza kabisa, kwa hiyo naruhusiwa kukasirika. Wazazi wetu walikuwa ndo wamehamia kijijini kwenye ile Operesheni Vijiji, nyumba zenyewe hazijakauka udongo, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilishasema ikifika 1977 kila mtoto awe shuleni. Serikali ikasema, kazi wakafanya baba zetu. Wao wanafyatua tofali, mama zetu wanabeba maji ya udongo, sisi tunasomba nyasi za kuezekea, na kengele ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa kwenye mwembe. Mwalimu wetu naye alikuwa kijana aliyemaliza la saba, anatufundisha huku na yeye anasomea ualimu kwa redio na vitabu vya posta, hawa ndo walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao watu waliwatania eti Ualimu Pasipo Elimu. Mimi barua hii naiandika kwa mwandiko alionifundisha yeye, atanie anayetaka.

Kesho yake nikazunguka kwa wapika maandazi. Wa tatu ni shemeji yangu, kumbe alikuwa amebakiza rejista mbili za uandikishaji, moja imeshachanwa nusu na inanuka mafuta. Mhariri, nilikaa chini kwenye kigoda chake nikasoma mpaka jua likazama. Jina la mtoto, la baba, kitongoji, umri. Darasa la kwanza kuna wa miaka 7 na kuna wa miaka 13, tulikuwa tunakaa gogo moja. Na kule mwisho wa mstari kuna sababu ya kuacha shule, kwa wino wa bluu: amehama, amefariki, amehama, ameolewa.

Nikaichukua nikampelekea bibi mmoja jirani yangu tuliyeanza naye. Miwani hana, nikamwekea kidole kwenye jina lake, akalifuata herufi moja moja mpaka akafika mwisho wa mstari: ameacha, ameolewa, 1979. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mimi sikuacha. Niliachishwa." Halafu akaniuliza kama inawezekana kusahihisha.

Huyu bibi siku ya sherehe alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na jenereta, hakuna aliyemwita mbele, spika tumempa MC masaa manne atuchekeshe. Mimi sipingi muziki wala keki, nilikula vipande viwili, ila kamati za shule zote zenye sherehe kama yetu, na ziko nyingi maana shule za wakati wa UPE karibu zote zinafikisha 50 miaka hii, kabla ya kukodi turubai fungueni stoo kwanza. Picha ya simu haina gharama. Na haraka ipo, mtaala mpya unataka 2027 la sita na la saba wamalize pamoja, baada ya hapo la saba lenyewe litakuwa hadithi ya kusimulia wajukuu.

Mwalimu mkuu amesikia ninazo rejista, ametuma mtu nizirudishe. Nitazirudisha Januari shule ikifunguliwa, ila niione kwanza kabati yenye kufuli. Kwa sasa zipo kwangu, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na majani ya mwarobaini juu.

Mzazi na mwanafunzi wa zamani,
Iramba, Singida