Waazteki hawakuhesabu nyota tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Waazteki, wenyeji wa Meksiko ya kale, niliifurahia mpaka mwandishi alipofika kwenye hesabu. Hapo akatupandisha juu ya piramidi, akatuonyesha makuhani na kalenda, kisha akakunja jamvi. Kalenda ilikuwepo, sibishi: mzunguko wa siku 260 ukienda sambamba na mwaka wa siku 365, na viwili hivyo vikikutana tena kila baada ya miaka 52. Lakini mkulima na muuza nyanya walikuwa wakihesabu nini? Nililitafuta hilo mpaka mstari wa mwisho, sikulipata.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu, nimeanza kazi enzi za kukokota mnyororo wa kupimia porini, kwa hiyo mniwie radhi nikianzia shambani.

Viko vitabu viwili vya michoro kutoka eneo la Tepetlaoztoc, karibu na Texcoco: Codex Vergara na Codex ya Santa María Asunción. Vilitengenezwa miaka ya 1540, Wahispania wakiwa wameshaiteka Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, tangu 1521, ila upimaji na uandishi wake ni wa wenyeji. Mashamba ya kila kaya yamechorwa mara mbili. Mchoro wa kwanza unaonyesha umbo la shamba na urefu wa kila upande; wa pili unaonyesha eneo lake. Aina ya udongo nayo imeandikwa. Nilipoona hiyo aina ya udongo nilicheka peke yangu, maana kuna ramani nimezipokea ofisini ambazo hata upande wa kaskazini hazikuonyesha.

Kipimo chao kiliitwa tlalcuahuitl, yaani mti wa ardhi, kiasi cha mita 2.5. Mstari mmoja ni kipimo kimoja, mitano inaunganishwa pamoja, na nukta ni 20. Na upande usipotimia kipimo kizima? Mabaki hayakutupwa. Yaliandikwa kwa picha ya mshale, moyo, mkono, kiganja au mfupa. Mwaka 2008 watafiti Barbara Williams na María del Carmen Jorge y Jorge walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuzipitia hesabu hizo, wakaonyesha kwamba mshale ni nusu ya kipimo, mkono ni theluthi, mfupa ni sehemu moja ya tano, moyo mbili za tano na kiganja tatu za tano.

Eneo nalo lilikuwa na kanuni zake. Mojawapo ni kuchukua wastani wa pande zinazotazamana, kisha kuzidisha wastani mmoja kwa mwingine. Tuseme pande mbili ni 20 na 22, nyingine 10 na 12: unapata 21 mara 11, yaani 231. Wamisri wa kale nao waliitumia. Kasoro yake naijua: shamba likiwa limepinda, jibu huzidi eneo halisi, kamwe halipungui. Sidhani kama mtoza kodi alilalamika.

Kuhusu kuhesabu kwa ishirini, mwandishi aliona ni ajabu. Marehemu bibi yangu, aliyeuza kanga kwa korja, yaani ishirini ishirini, asingeshangaa hata kidogo. Waazteki walichora bendera kwa 20, kitu kama unyoya kwa 400, na mfuko kwa 8,000. Katika Codex Mendoza, kitabu kingine cha michoro, jimbo la Tochtepec linadaiwa ushuru wa mipira 16,000 ya ulimbo wa mti wa mpira. Karani amechora mpira na mifuko miwili, basi.

Soko kuu lilikuwa Tlatelolco. Hernán Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, akimwandikia mfalme wake mwaka 1520, alisema vitu vyote huko viliuzwa kwa idadi na kwa vipimo vya ujazo, na hakuona kitu kilichouzwa kwa mizani. Aliona pia wakaguzi wakizunguka kati ya watu, na vipimo vya wizi vikivunjwa papo hapo. Chenji ilikuwa kokwa za kakao, na wajanja hawakukosekana: walitoa nyama ya kokwa, wakajaza ganda kwa nta au donge la unga.

Bei zenyewe tunazo, kwenye orodha ya soko la Tlaxcala ya mwaka 1545. Bata mzinga jike mzuri alikuwa kokwa 100, yai la bata mzinga kokwa 3, nyanya kubwa kokwa 1. Mama aliyemuuza bata wake asubuhi na kutaka mayai angerudi nyumbani na mayai 33, akabakiwa na kokwa moja ya nyanya ya kuyakaangia.

Msomaji wenu,
Mpima ardhi mstaafu, Tanga