Nembo Mtaziweka Baadaye: Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaoongoza Asasi

Wanangu,

Mstaafu hutakiwa atulie, apokee pensheni yake, alee wajukuu. Nami nilikuwa nimetulia hapa Morogoro, mpaka mliponialika Dodoma nikae kama mgeni wakati mkienda mbele ya kamati ya Bunge. Nimerudi na hasira. Kwa kuwa wengi wenu mnaniita mama, mtanivumilia.

Mitandao mitatu ya asasi za kiraia ilifika mbele ya kamati ileile, asubuhi ileile, kwa jambo lilelile: ile shilingi 1,000 ambayo halmashauri zimeagizwa kuitenga kila mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Hoja nzuri, na ya haki. Lakini kila mtandao ulikuja na andiko lake, lenye jalada la rangi yake. Wa kwanza ukataka kiwango kiongezwe. Wa pili ukataka kiwango kibaki hapohapo, ila fedha zilizotengwa zitoke zote. Wa tatu ukaomba kiundwe chombo kipya cha kusimamia, na sote mle ndani tulijua nani alijiona anafaa kukiongoza. Halmashauri moja ikatajwa katika maandiko mawili kwa takwimu mbili tofauti za mwaka uleule. Mjumbe mmoja, mtu mpole, akavua miwani akauliza, "Sasa sisi tufuate lipi?" Mkabaki mnatazamana.

Nje ndiko nilikoona aibu zaidi. Picha ya pamoja ilichelewa kwa sababu mkurugenzi mmoja alikataa kusimama mbele ya bango: nembo ya asasi yake imewekwa chini kabisa, pembeni ya nembo ya kampuni ya maji ya chupa. Watu wazima wenye shahada zao wanagombea sentimita za bango, huku maandiko yao yakiwa yameshabebwa kwenda kwenye makabati. Nimefanya kazi na maofisa miaka mingi. Maandiko yakigongana namna ile, huwekwa yote kando, likabaki la wizara peke yake. Hapo hakuna hila. Wizara imeleta maneno yaliyo tayari kuingia kwenye sheria, ninyi mmeleta ubishi.

Msidhani sisi wa zamani tulikuwa tunapendana. Miaka ya 1990, baada ya Tume ya Profesa Issa Shivji kuzunguka nchi ikisikiliza malalamiko ya ardhi, na baada ya Sera ya Ardhi kutoka mwaka 1995, asasi zilianza kujikusanya. Likawepo Jukwaa la Ardhi, lililotaka muswada wa sheria ya ardhi uanze upya kuanzia kwenye swali la nani hasa anamiliki ardhi ya nchi hii. Kikawepo pia kikosi kazi cha jinsia na ardhi, kilichoratibiwa na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kilichoona kwamba muswada ukipita bila mwanamke kutajwa, itachukua kizazi kizima kumrudisha. Makundi haya yaligongana kweli, na baadhi ya waliogongana hawakupatana mpaka leo. Lakini ndani ya kila kundi kauli ilikuwa moja, na waliopigania wanawake walidai vifungu, hawakuishia kwenye matamko. Fungueni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999: baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Mila inayomnyima mwanamke ardhi haitambuliki. Mjane anayepata haki yake barazani leo hajui nembo ya nani ilikuwa juu ya andiko lile, wala haimpunguzii kitu.

Na tukishapata, tunalala. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo nitalisema kwa urefu.

Mnakumbuka taulo za kike. Kwa miaka wanaharakati walipiga kelele kwamba mtoto wa kike anakosa shule kwa kukosa kitu ambacho Serikali inakitoza kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18. Jirani zetu Kenya walikuwa wameiondoa VAT hiyo tangu 2004. Juni 2018 ikaja hotuba ya bajeti ya 2018/19, Waziri wa Fedha Philip Mpango akaisamehe. Vigelegele! Simu yangu haikupumzika. Kila asasi ikatoa taarifa kwa vyombo vya habari, na ukizisoma kwa pamoja ungedhani kila moja ilishinda peke yake. Juni 2019, hotuba iliyofuata, kodi ikarudi. Sababu iliyotolewa ni kwamba bei madukani haikushuka, na aliyefaidika ni mfanyabiashara.

Siku zile nilitafuta mtu mwenye daftari la bei. Nilitaka bei ya pakiti moja dukani Kariakoo, moja Tandahimba, moja Kasulu, kabla ya Julai 2018 na baada yake, mwezi kwa mwezi. Nilipiga simu kwa kila niliyemjua. Mwenye picha za maadhimisho nilimpata, mwenye taarifa za mitandao ya kijamii nilimpata, mwenye bei hakuwepo. Sasa Waziri akisimama na hoja ya bei, unamjibu na nini? Na hata hoja yake ilikuwa na jibu, kama mtu angekuwa ameketi na mhasibu. Bidhaa ikisamehewa VAT, mzalishaji harejeshewi kodi aliyolipa kwenye malighafi, umeme na vifungashio, kwa hiyo huiacha ndani ya bei. Ikitozwa kwa kiwango cha sifuri, anarejeshewa. Mambo mawili tofauti kabisa kisheria, ingawa barabarani yote huitwa "kuondoa kodi". Kampeni ikibeba maneno ya barabarani mpaka ndani ya kamati, msamaha utatoka, bei itabaki pale pale, na mwaka unaofuata mtaambiwa mlipewa mkashindwa kuutumia. Bajeti ile ya 2019 ilimpunguzia mwekezaji mpya wa kiwanda cha taulo kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka 2. Msichana wa Tandahimba hajengi kiwanda.

Kazi ya daftari la bei haipigiwi picha. Inahitaji kijana wa kujitolea katika kila wilaya, kalamu, na nauli ndogo. Mitandao yenu ina watu hao. Jumlisheni wanachama wenu mtaona hakuna mkoa usio na mtu wenu. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake: huyu anakusanya kuhusu maji, yule afya, wa tatu elimu, kila mmoja kwa dodoso lake, wote kwa mtendaji wa kijiji mmoja, ambaye sasa akiona gari lenye stika anapitia mlango wa nyuma.

Lawama si zenu peke yenu, nisiwaonee. Wafadhili wanaimba ushirikiano kwenye warsha, halafu kwenye fomu ya ripoti ya robo mwaka wanauliza: wewe, asasi yako, umebadilisha nini? Mtu atasemaje kwamba alikuwa mmoja kati ya kumi? Atajitia mbele, maana mishahara ya watu wake iko humo. Wanawatupia ruzuku moja mgombanie, kisha wanashangaa hamwaminiani. Siku moja kusanyikeni mkatae fomu hiyo kwa pamoja. Mfadhili mmoja mtampoteza, wengine watabadilika.

Na Serikali yetu nayo, tuseme ukweli. Juni 2019 marekebisho ya sheria mbalimbali, yaliyogusa asasi zote na hata kampuni zisizogawana faida, yalipitishwa kwa hati ya dharura. Muda wa wadau kusema ulikuwa wa kuhesabia saa, si wiki. Ukiita watu watoe maoni kesho juu ya kitu walichokiona jana, hujawashirikisha. Lakini hapo pia, aliyekuwa na andiko tayari alisikika kuliko aliyeanza kutafuta ukumbi wa kikao.

Mengine nitayataja tu, ninyi si watoto. Jueni kalenda: mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa Taifa huja bungeni Novemba pamoja na mwongozo wa bajeti, na Aprili mkianza kupiga kelele mambo mengi yameshafungwa. Mfahamuni mchumi wa wizara kwa jina, si waziri tu, waziri huhamishwa. Andiko lisizidi kurasa chache. Takwimu ziwe na mwaka na chanzo. Mkitofautiana, tofautianeni kabla ya kuingia mlangoni. Msimchukue mama wa kijijini kumsimamisha jukwaani asome mliyomwandikia.

Ninawapenda, na ninajua mnavyolala ofisini nyakati za andiko la mradi, jinsi wazazi wenu wanavyouliza lini mtapata kazi ya kueleweka, jinsi mlivyobaki wengine walipoondoka miaka ile migumu. Ndiyo sababu naumia nikiwaona mkipoteza nguvu hizo kwenye bango. Kati yenu wapo wanaojua bajeti ya halmashauri kuliko madiwani walioipitisha. Ujuzi huo umetawanyika kwenye kompyuta mpakato arobaini ambazo hazizungumzi.

Sasa fanyeni hivi. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 2025, na utekelezaji wake utapita kwenye mipango ya miaka mitano mitano, wa kwanza ukianza 2026/27. Chagueni jambo moja humo, moja tu, la lishe likiwafaa chukueni hilo. Teueni asasi moja iwe sekretarieti, na isiwe ile yenye gari kubwa, bali ile ambayo wengine wanaiamini. Wekeni takwimu zote kwenye jedwali moja ambalo kila mmoja ataliona. Kubalianeni kwa maandishi nani atasema mbele ya kamati, na kwamba nembo hazitakuwepo kwenye andiko mpaka kifungu kipite. Pangeni leo, kabla ya ushindi, nani atafuatilia halmashauri ipi baada ya ushindi.

Rasimu ya kwanza nileteeni niisome kabla ya mwisho wa Oktoba. Nitaipiga kalamu nyekundu bila huruma, na nitairudisha ndani ya wiki, ili Novemba iwakute mko tayari.

Mama yenu,
Mstaafu, Morogoro